KUANZA KAZI YA KUKEREZA MBAO
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa tawi letu, yakapigwa chapa kwa faida ya wale waliokuwa zamu)



Tumeombwa tuseme juu ya kazi ya kukereza mbao kwa sababu jambo hili liko mbele ya tawi. Ninyi nyote mnajua ya kuwa kuna fedha kidogo zilizochangwa na wanachama, shilingi kwa shilingi, na wako waliotoa shauri zitumike kununua mashine ya kukereza, iwekwe mahali pamoja, ili wanachama na vijana wao wapate kujifunza. Wengine wamesema shauri hili ni jema, na tununue mwezi huu huu. Wengine wamesema mashine itakaa pembeni imefunikwa gunia, na jasho la watu litakuwa limepotea. Sisi wa upande wa mbao tumekaa pamoja tukazungumza, na maneno haya ni yetu sote. Hatukuja kumshinda mtu. Tumekuja kueleza kazi yenyewe jinsi ilivyo, ili siku ya kupiga kura mjue mnapigia kura kitu gani.

Neno letu kwa kifupi ni hili: mkono ufundishwe kwanza, fedha zitoke baadaye. Mashine haimfanyi mtu kuwa mkerezaji, kama vile filimbi na bendera hazimfanyi mtu kuwa gadi wa treni.

KAZI HII SI NGENI

Kwanza tuondoe wazo la kwamba kukereza ni ujuzi ulioletwa na reli. Reli ilianza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899, na Kisumu mwaka 1901. Lakini neno kukereza ni neno la pwani la zamani, na chombo chenyewe kiliitwa kerezo. Mtu akienda Lamu ataona vitanda vya kale ambavyo miguu yake imekerezwa kwa pete na mafundo mazuri, na mafundi walioifanya hawakuwa na mota wala umeme. Na huko Misri, katika kaburi la mtu aliyeitwa Petosiris, lililojengwa yapata miaka 300 kabla ya kuzaliwa Kristo, kuna picha iliyochongwa ukutani ya watu wawili wakikereza: mmoja anavuta kamba ili mti uzunguke, na mwenzake ameshika chombo cha kukata. Basi kazi hii ni ya wanadamu wote, na wengi walioifanya walikuwa watu wa mikono mitupu kama sisi.

Kukereza ni nini? Seremala akipiga randa, mbao hukaa tuli na chombo hutembea. Katika kukereza, mti ndio unaotembea. Unazunguka kati ya ncha mbili, na chombo hukaa juu ya kiegemeo, kikisogezwa polepole na mkono. Kila kitu kinachotoka hapo ni cha mviringo: mpini wa tupa, kifimbo cha kusukumia chapati, mchi, mguu wa kiti, nguzo ndogo ya ngazi, kishikio cha mlango wa kabati, bakuli.

ONYO KWA NDUGU ZETU WA CHUMA

Hapa tuna neno kwa wenzetu wanaokereza chuma. Ninyi ni mafundi, na tunawaheshimu. Lakini tumeona ya kuwa mtu wa chuma akija kwenye mashine ya mbao huja na ujasiri mwingi kuliko mtu asiyejua lo lote, na ujasiri huo una hatari.

Katika mashine ya chuma, chombo kimebanwa kwa skrubu. Mtu huzungusha gurudumu dogo, na mashine ndiyo inayobeba nguvu yote. Katika mashine ya mbao hakuna kilichobana chombo isipokuwa mikono yako miwili. Kiegemeo ni mahali pa kulaza chombo tu. Makali yakiingia vibaya, mti hukamata chombo na kukipiga chini, na mpini huruka juu kuelekea kifua au kidevu. Kazi yote ya kumfundisha mwanafunzi wa mwezi wa kwanza ni kumzuia asikamatwe namna hiyo.

Tena chuma huzungushwa polepole, mbao huzungushwa upesi. Hebu tufanye hesabu, maana sisi watu wa reli tunaelewa habari za mwendo. Chukua kipande cha mti chenye upana wa sentimeta 5, kizunguke mara 1,000 kwa dakika. Ngozi yake ya nje inakwenda kama kilomita 9 na nusu kwa saa, yaani mwendo wa mtu anayekimbia taratibu. Sasa weka bakuli la upana wa sentimeta 25 kwa mzunguko ule ule wa mara 1,000. Ukingo wake unakwenda kilomita 47 kwa saa. Huo ni mwendo wa treni ya mizigo, nao unapita sentimeta chache mbele ya vidole vyako.

Kwa hiyo shikeni kanuni hii: zidisha upana wa mti kwa sentimeta mara idadi ya mizunguko kwa dakika, na jibu lisipite 15,000. Mti wa sentimeta 5 usipite mizunguko 3,000. Wa sentimeta 15 usipite 1,000. Wa sentimeta 25 usipite 600. Na mti ambao bado haujawa mviringo uzungushwe kwa nusu ya hapo au chini yake, kwa sababu mti wenye pembe hutikisa mashine nzima. Wahenga walisema, kwenda mbio si kufika.

MAHALI PA KUANZIA: KEREZO YA MGUU

Shauri letu ni kwamba tuanze na kerezo ya mguu, ambayo tunaweza kuijenga wenyewe kwa mbao za kawaida. Simameni nguzo mbili zilizofungwa imara. Kati yake lazeni mbao mbili nene sambamba, zikiacha nafasi ya vidole vitatu katikati. Hicho ndicho kitanda. Juu ya kitanda simamisheni vichwa viwili vya mti mgumu, ambavyo mikia yake imepita katika ile nafasi na kukazwa chini kwa kabari. Kichwa kimoja hakisogei. Cha pili husogezwa kulingana na urefu wa kazi. Kila kichwa kina ncha ya chuma, na bolti iliyochongwa vizuri inatosha. Ncha hizo mbili zitazamane sawasawa, na ziwe katika kimo cha kiwiko cha mkerezaji, asije akainama mchana kutwa.

Juu, tafuteni mti mwembamba unaopindika na kurudi, mrefu kama meta 3, uliofungwa upande mmoja. Kutoka ncha yake teremsheni kamba, izungusheni mti wa kazi mara mbili, kisha ifungeni kwenye ubao wa kukanyagia. Sehemu ya kamba inayoshuka iwe upande wa mkerezaji, ili anapokanyaga mti uzunguke kumjia, toka juu kwenda chini. Anapokanyaga, anakata. Anapoinua mguu, mti wa juu unavuta kamba kurudi, naye anarudisha chombo nyuma kidogo. Kanyaga, kata, inua, rudi.

Wengine watacheka, waseme kwamba hiki ni kitu cha zamani. Waacheni wacheke. Chombo hiki kina mambo matatu mema. Kwanza, bei yake ni ndogo. Pili, hakihitaji umeme, na mtu anaweza kukijenga kijijini kwake akistaafu. Tatu, na hili ndilo kubwa, mwanafunzi akikosea mti husimama. Hana mota inayoendelea kusukuma. Atajifunza kukata vizuri mahali ambapo adhabu ya kukosea ni ndogo, na mkono ukishajua utakwenda na ujuzi huo kwenye mashine ye yote.

VYOMBO NA KUNOA

Anayeanza hahitaji vyombo vingi. Vinne vinatosha. Cha kwanza ni bobari pana, yaani patasi iliyopinda kama mfereji, ya kuondolea pembe za mti mpaka uwe mviringo. Cha pili ni bobari nyembamba, ya kuchimba mabonde. Cha tatu ni patasi bapa yenye makali ya mshazari, ya kulainisha na kuchora mafundo. Cha nne ni patasi nyembamba ya kutenga, ya kukata kimo na kuondoa kazi ikiisha. Bobari ile pana isitumiwe kamwe kwa kuchimba bakuli, maana mkia wake ni mwembamba na unaweza kuvunjika.

Mtu asikate tupa kuukuu na kuifanya chombo cha kukerezea. Tunajua wengi hufanya hivyo kwa ajili ya kubana matumizi. Chuma cha tupa ni kigumu lakini hakina uvumilivu. Kikipigwa na mti unaozunguka kinaweza kukatika kama kigae, na kipande kikaruka usoni.

Chombo butu ndicho chenye hatari kuliko chenye makali, kwa sababu mtu hukisukuma kwa nguvu, na nguvu hiyo hutafuta mahali pa kutokea. Makali ya bobari yanolewe upande wa nje tu, na ule mteremko ulionolewa uwe na urefu wa mara moja na nusu ya unene wa chuma. Uwe uso mmoja ulionyooka, usiwe na ngazi ngazi. Mteremko huo ndio tunaouita kisigino cha chombo, nanyi likumbukeni jina hilo, kwa sababu tunalihitaji sasa hivi.

KIEGEMEO, KISIGINO, MAKALI

Kama mtasahau yote tuliyosema leo, msisahau maneno haya matatu kwa utaratibu wake: kiegemeo, kisigino, makali.

Kabla ya chombo kugusa mti, kilaze kwanza juu ya kiegemeo, kitulie hapo. Hilo ni la kwanza. Pili, inua makali juu ya mti, mpini ukiwa chini karibu na nyonga, mpaka kisigino kiguse mti unaozunguka. Kisigino hakikati. Kinasugua tu, na mkono unasikia mti unapita chini yake. Tatu, inua mpini taratibu mpaka makali yaanze kukamata, na maranda yatoke. Hapo unakata, na kisigino kinabaki kimeegemea mti kama mtu anayeshika ukuta anaposhuka ngazi gizani.

Anayeanza na makali, kisha ndio atafute kisigino, atakamatwa. Wala si bahati mbaya, ni hesabu. Makali yasiyo na kitu cha kuyaegemeza huvutwa ndani na mti.

Na ukikata, kata ukishuka mlima. Maana yake anza mahali penye unene ukielekea penye wembamba. Nyuzi za mti zinazokatwa hivyo zina nyingine chini yake za kuzishika, na uso hutoka laini. Ukipanda mlima, unazikuta nyuzi kwa vichwa vyao, zinainuka na kuchanika. Bonde lo lote likatwe kutoka pande mbili kuja katikati, usivuke chini na kuanza kupanda. Kwa patasi ya mshazari, tumia nusu ya chini ya makali, na ile pembe ndefu ya juu isiguse mti.

KAZI YA KWANZA: MPINI WA TUPA

Sasa mwanafunzi atengeneze nini? Sisi tunasema mpini wa tupa. Kila mmoja wetu ameona tupa zinazotumiwa bila mpini, mkia wake mkali ukiwa wazi, na tupa ikigonga pembe ya chuma mkia ule huingia katika kiganja. Mpini ni kitu kidogo, lakini unaokoa mkono mzima. Tena una kila somo la mwanzo ndani yake.

Chukua kipande cha mti chenye upana wa sentimeta 4 kila upande na urefu wa sentimeta 15, nyuzi zake zikiwa zimenyooka, kisicho na kifundo wala ufa. Mti wa mgrivea unafaa kwa kujifunzia, na mwarubaini pia. Msitafute mpingo. Mpingo ni mti wa ajabu, nao hukerezwa kuwa vyombo vya muziki kama klarineti, lakini ni mgumu, ni haba, na si wa kujifunzia. Hata wachongaji wa Kikamba wa Mombasa, mpingo na muhugu vilipopungua, wengi wao walikwenda kwenye mwarubaini na mwembe, nao wakapata riziki.

Piga mistari miwili ya msalaba kutoka pembe hadi pembe kwenye kila kichwa cha mti. Inapokutana ndiyo katikati. Punguza pembe nne kwa randa, ziwe nane. Kwenye mashine ya mota, ile ncha yenye meno inayosukuma mti igongwe ndani ya mti kwa nyundo ya mti, juu ya benchi. Usigonge ikiwa ndani ya mashine, maana utaharibu beringi. Kaza kichwa cha nyuma, tia nta kidogo penye ncha isiyozunguka, isije ikaunguza mti. Sogeza kiegemeo kiwe karibu sana na mti, kama milimeta 3, na uzungushe mti kwa mkono mzunguko mzima uone haugusi. Ndipo uanze.

Kwa bobari pana ondoa pembe, ukianza karibu na mwisho mmoja na kurudi nyuma kidogo kidogo, usianze katikati. Mti ukiwa mviringo, simamisha, sogeza tena kiegemeo, kwa kuwa nafasi imeongezeka. Usisogeze kiegemeo mti ukizunguka. Pima sentimeta 2 kutoka mwisho mmoja. Hapo patakaa pete ya chuma, kipande cha bomba la nusu inchi kilichokatwa na kulainishwa. Punguza mahali hapo kwa patasi ya kutenga, ukipima mara kwa mara, mpaka pete iingie kwa kugongwa, si kwa kuteleza. Bila pete, mti utapasuka siku ya kwanza tupa ikigongwa.

Kisha fanya tumbo la mpini, liwe nene pale kiganja kinapojaa, na mwisho wake uwe mviringo kama yai. Ondoa kiegemeo kabisa kabla ya kupiga msasa, na msasa ushikwe chini ya mti, usizungushwe kidoleni. Toboa tundu kwa keekee, pana mdomoni na jembamba ndani, kufuata umbo la mkia wa tupa. Ingiza tupa, kisha gonga nyuma ya mpini juu ya benchi. Uzito wa tupa utaizamisha yenyewe. Usipige tupa kwa nyundo.

Mwanafunzi afanye mipini kumi. Wa kwanza utakuwa kama kiazi. Wa kumi utapendeza. Akimaliza kumi iliyo sawa, aingie kwenye kifimbo cha chapati, ambacho kinaonekana rahisi lakini kunyoosha sentimeta 40 bila bonde ni kipimo cha fundi. Na vitu vya chakula visipakwe vanishi ya milango.

Hapa tuna neno la chama. Mipini ya tupa za kazini ni mzigo wa mwajiri, kama ilivyo nyundo na taa. Tusije tukajifunza ujuzi huu kisha tukaulizwa kwa nini hatuitengenezi bure Jumamosi. Mipini ya tupa za nyumbani kwetu, na ya kuuza sokoni, hiyo ndiyo yetu.

MWILI WAKO

Mambo ya usalama tutayasema kwa ufupi lakini kwa ukali. Mikono ya shati ikunjwe juu ya kiwiko. Usivae glavu, kwa sababu mti hukamata kitambaa na kitambaa huvuta kidole. Tai, mnyororo wa shingo, pete, leso inayoning'inia, vyote vivuliwe. Nywele ndefu zifungwe. Vaa kinga ya uso mzima, si miwani tu. Unapowasha, simama pembeni, usisimame mbele ya mti. Mti wenye ufa usiwekwe. Mtu asikereze peke yake, wala akiwa ametoka zamu ya usiku, wala akiwa amekunywa.

Halafu kuna vumbi. Watu hudharau vumbi la mti kwa sababu lina harufu nzuri. Mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliweka vumbi la mbao katika orodha ya vitu vinavyojulikana kuleta saratani kwa binadamu, hasa ya pua. Vumbi la mvule huwasha ngozi na kubana kifua kwa watu wengine. Basi funikeni pua na mdomo kwa kinga inayofaa, fungueni madirisha, na kateni vizuri kwa makali ili msasa uwe kidogo. Maranda marefu hayaingii mapafuni. Vumbi la msasa ndilo linaloingia.

Kazini tunayo Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, inayomtaka mwajiri kukinga sehemu za hatari za mashine na kutoa mavazi ya kujikinga. Tunayo pia sheria ya fidia ya majeraha kazini ya mwaka huo huo. Lakini sikilizeni vizuri, ndugu. Mtu akikata kidole Jumamosi kwenye mashine ya tawi, akijifunza kwa hiari yake, asitegemee kwamba mwajiri atamlipa. Hakuwa kazini. Ndiyo maana sisi tunasema kanuni ziandikwe kabla ya mashine kununuliwa. Kidole cha mfanya kazi ndicho shamba lake na ng'ombe wake.

SIKU YA KUNUNUA

Wakati utafika wa kununua, na huenda ikawa mashine iliyotumika. Siku hiyo watu watatu waende, si mmoja. Washike spindeli na kuitikisa. Ikicheza, beringi zimekufa. Wasogeze kichwa cha nyuma mpaka ncha mbili zikutane. Zisipokutana, mashine itawasumbua siku zote. Wapime kimo kutoka ncha mpaka kitanda. Mara mbili ya kimo hicho ndio upana mkubwa kabisa wa kazi inayoweza kuingia. Watazame kama tundu la spindeli ni la kipimo kinachojulikana, kama Morse namba 2, ili vifaa vipatikane. Waulize mota ni ya namna gani. Mashine nyingi zinazotoka viwandani zina mota ya umeme wa fezi tatu, na majumba yetu yana fezi moja. Mtu akinunua bila kuuliza, atakuwa amenunua chuma cha kukalia. Tena watazame magurudumu ya mkanda: mota yenye mizunguko 1,400 na gurudumu la sentimeta 7, ikivuta gurudumu la sentimeta 14, itatoa mizunguko 700. Mashine isiyoweza kwenda chini ya 1,000 haifai kwa bakuli kubwa.

SHAURI LETU

Bwana Mwenyekiti, sasa tunaleta shauri letu mbele ya mkutano.

Kwanza, tujenge kerezo mbili za mguu kwa mbao kuukuu, na tawi lilipe vyombo vinne, jiwe la kunolea na kinga za uso tu.

Pili, kwa miezi mitatu wanachama wanaotaka wafundishwe, watu wanne wanne, wazee wanaokaribia kustaafu wakitangulia, pamoja na vijana wasio na kazi. Kila mmoja alete mipini yake kumi mezani ikaguliwe.

Tatu, miezi hiyo ikiisha, tuhesabu. Tukipata watu kumi na wawili waliomaliza mipini yao, mashine ya mota inunuliwe, na wale kumi na wawili ndio watakaoitunza na kuwafundisha wengine. Tusipowapata, fedha zitakuwa bado ziko kwenye akiba, na hakuna atakayekuwa ameibiwa.

Nne, kanuni za usalama ziandikwe kwa Kiswahili chepesi, zibandikwe ukutani, na asiyezifuata anyang'anywe zamu yake, hata kama ni ofisa wa tawi.

Kwa wale wanaosema tununue leo: hatupingani nanyi, tunataka mashine hiyo kama ninyi. Kwa wale wanaosema itakaa pembeni: hofu yenu ni ya haki, na hesabu ya mipini itaijibu kuliko maneno yetu. Wenzetu wengi wametoka katika reli wakiwa na barua ya shukrani na mikono isiyojua kazi nyingine, kwa sababu miaka yote walifundishwa kitu kimoja tu ambacho nje ya reli hakina mnunuzi. Fedha ya kustaafu huisha. Mashine huchakaa. Lakini ujuzi hauzeeki, wala hauwezi kuachwa getini siku ya mwisho pamoja na kofia na funguo.

Maswali tutayajibu baada ya chai. Tumeleta bobari mbili na vipande vya mgrivea, na anayetaka kushika chombo ashike.